Breki Iliyofungwa kwa Mpira

Kijana aliweka chenso, ule msumeno wa injini, mezani kwangu na kuanza kulalamika kuhusu kabureta. Haivuti, inakohoa, ikishika gogo inazima. Nilikuwa naitikia "eeh, eeh", lakini macho yangu yalikuwa kwenye gadi, ile kinga nyeusi ya mkono iliyo mbele ya mshikio wa juu. Ilikuwa imevutwa nyuma na kufungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, mizunguko kadhaa, fundo limekazwa kwa koleo.

"Hii umeifunga ya nini?"

"Breki hiyo, fundi. Inajifunga yenyewe. Niko katikati ya gogo, mnyororo unasimama. Nikaona isinisumbue."

Kabureta ilikuwa kazi ndogo. Nilipomaliza nikaukata ule mpira kwa wembe, nikamwambia aniachie mashine nimtengenezee na breki. Akauliza bei. Nilipoitaja akacheka kwa adabu, akasema kuna mgrevilea wa watu unamsubiri Uru na mwenye shamba ameshatanguliza nusu ya pesa. Akalipia kabureta. Kisha akainama, akauokota ule mpira sakafuni, akautia mfukoni.

Hilo la kuutia mfukoni limenikaa kichwani wiki hizi zote.

Mjinga hakuwa. Chenso yake ilikuwa safi kuliko nyingi ninazoletewa hapa Moshi, na mnyororo ulitiwa makali na mtu mwenye subira, meno ya kulia na ya kushoto yakiwa na urefu mmoja. Anayetunza makali namna ile anaijua kazi yake. Sasa mtu wa aina hiyo anafikaje mahali pa kuifunga breki?

## Robo ya juu ya pua

Wapasua mbao wa huku kwetu wote wanajua kwamba chenso hupiga teke. Wengi wana kovu, au wana rafiki mwenye kovu. Teke linatoka wapi, hapo ndipo maelezo huanza kutofautiana.

Mnyororo hukimbia juu ya bamba, ule upanga wa chuma unaoubeba, kuelekea mbele, huzunguka pua, yaani ncha ya bamba, kisha hurudi kwa chini. Kwenye robo ya juu ya pua meno yanakuwa yanakwenda mbele na kushuka kwa pamoja. Yakikutana pale na kitu kigumu, labda tawi lililojificha nyuma ya gogo au kisiki cha mbuni, hushindwa kula na hubaki kusukuma. Nguvu ya injini inageuka kuwa nguvu ya kulirusha bamba juu na nyuma, usawa wa uso na shingo ya aliyelishika. Tendo zima huchukua kama sehemu ya kumi ya sekunde. Jicho lione na mkono uitikie, mtu mwenye afya anahitaji takribani mara mbili ya muda huo.

Kwa hiyo breki haikutengenezwa ingoje uamuzi wako.

Ndani yake kuna ukanda mwembamba wa chuma uliozungushiwa dramu ya klachi, na springi nene iliyokazwa ambayo inazuiwa na goti dogo la vyuma. Gadi ikienda mbele, goti linakunjika, springi inaachia, ukanda unaibana dramu, na mnyororo unaozungushwa na dramu hiyo unasimama. Gadi yenyewe husukumwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mkono wako wa kushoto, ambao hugonga gadi mashine inaporuka. Ya pili ni uzito wa gadi: chenso ikirushwa nyuma kwa ghafla, gadi huchelewa kuufuata mwendo huo, na kuchelewa huko kunatosha kulikunja goti.

Njia ya pili watu huidharau, na ndiyo inayotegemewa wakati wa kuangusha mti. Unapokata mti uliosimama, chenso imelala ubavu na mkono wa kushoto umeshika mshikio kwa pembeni, mbali na gadi. Hapo mkono haugongi chochote. Umebaki na uzito wa gadi peke yake.

Ule mpira ulikuwa umezifunga njia zote mbili kwa fundo moja.

## Inajifunga yenyewe

Breki inayojifunga katikati ya gogo ina sababu, na mara nyingi sababu iko nyuma ya kava la klachi. Fungua utakute unga wa mbao uliochanganyika na oili ya mnyororo, umeshindiliwa kila kona hadi ukawa mgumu. Gereji nyingi hupuliza kwa kompresa na kuita huo usafi. Kompresa hutoa unga mkavu tu. Ule ulioganda nyuma ya goti unatolewa kwa kijiti, brashi na petroli kidogo, kisha unapangusa hadi pakauke kabisa, maana ukanda wenye mafuta huteleza juu ya dramu hata ukiwa mpya.

Ukishasafisha ndipo ugonjwa wenyewe unaonekana. Pengine goti limelika kwenye pini zake kiasi kwamba mtetemo tu unatosha kulikunja. Pengine kispringi kinachoishikilia gadi nyuma kimechoka. Na kuna lile ambalo wengi hawalidhanii: raba za kuzuia mtetemo zimepasuka, mshikio unacheza, gadi inacheza nao, na kila mnyororo ukishika fundo la mti breki inafyatuka. Hapo unaweza kubadilisha vipuri vya breki mwaka mzima na isipone, kwa sababu breki haiumwi.

Ugonjwa wa upande wa pili ni mbaya zaidi kwa kuwa haupigi kelele. Gadi inakwenda mbele, unasikia "taa!", kila kitu kinaonekana sawa, lakini mnyororo unaendelea kutambaa. Ukanda umekwisha. Vitabu vya Husqvarna, watengenezaji wa chenso, vinataka ukanda usipungue milimita 0.6 mahali palipolika kuliko pote, na hiyo huwezi kuikadiria kwa kidole. Chukua venia, kile kipimo cha unene, upime. Angalia na dramu. Ikiwa na rangi ya bluu, imechemka. Mara nyingi aliyeichemsha ni mtu anayevuta mafuta huku breki imefungwa, akidhani anaipasha injini joto.

Mafundi wenzangu, na nyinyi nina neno. Kwenye mashine ambazo breki imo ndani ya kava, achieni breki kabla ya kulegeza nati. Ukilitoa kava breki ikiwa imefungwa, ukanda unakuwa umejibana na kava halitarudi juu ya dramu hata ulibembeleze vipi. Nimeletewa makava yaliyopasuliwa kwa nyundo kwa sababu hiyo tu. Ukijikuta umeshalitoa hivyo, ing'oe gadi uitumie kama spana kulirudisha goti mahali pake, polepole na ukiwa na miwani, kwa sababu ile springi ikichomoka haichagui pa kwenda.

Kazi ikiisha, nina majaribio mawili, na mteja huyaona kwa macho yake. La kwanza injini ikiwa imezimwa: breki imeachiwa, naishika chenso kwa mshikio wa nyuma juu ya kisiki, naachia mkono wa mbele, pua inaanguka kwa uzito wake. Ikigonga kisiki, breki inapaswa kufyatuka yenyewe. La pili injini ikiwaka: navuta mafuta yote, nageuza kifundo cha mkono wa kushoto kusukuma gadi bila kuachia mshikio. Mnyororo usimame pale pale, nami niachie mafuta papo hapo.

Wateja wengi ninaowafanyia jaribio la kwanza wanakuwa hawajawahi kuliona. Ukiwa na chenso nyumbani, dakika moja inatosha.

## Meku na mashine isiyo na gadi

Wakati bado nalitafuna hilo la mpira, akaja Meku mmoja, ndivyo Wachaga tunavyomwita mzee, kutoka Kibosho, na mjukuu wake nyuma amebeba chenso kubwa la zamani begani. Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa kwenye benchi, akaomba maji kwanza. Wazee wa huko hawaanzi na shida.

"Nasikia wewe unatengeneza breki," akasema baadaye.

"Natengeneza, Meku."

"Hii yangu haijawahi kuwa nayo. Niwekee."

Nikaiangalia. Mshikio wa bomba mbele, basi. Hakuna gadi wala mahali pa gadi. Stihl walianza kuziwekea chenso zao breki waliyoiita QuickStop mwaka 1972, Husqvarna wakafuata na breki yao ya kujifunga yenyewe mwaka 1973. Lakini mashine haifi kwa sababu mpya imezaliwa. Na yale makubwa ya kazi nzito, kama Stihl 070 yenye injini ya sentimita za ujazo 106, yaliendelea kuuzwa bila breki katika nchi za joto kwa miaka mingi baada ya hapo. Ndiyo yaliyopasua mbao za nusu ya mapaa ya vijiji vyetu, na ukimwambia mpasuaji kwamba 070 ni mashine mbaya atakufukuza.

"Hapo si kuna vyuma tu?" Meku akaendelea. "Chukua breki shuu za pikipiki, unganisha na welding. Mimi hii imeshanizoea. Huyu ndiye anaanza." Akamwonyesha mjukuu kwa kidevu.

Nikamwambia aniachie niwaze.

Marekani walilimaliza suala hili kwa kanuni: chenso yoyote iliyoingia kazini kwa mara ya kwanza baada ya tarehe 9 Februari 1995, kwa kazi za ukataji magogo, lazima iwe na breki ya mnyororo. Sisi tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo inambana mwajiri. Katika shamba la miti la serikali, au kwa wanaofundishwa kwenye chuo cha misitu cha Olmotonyi na pale Chuo cha Viwanda vya Misitu hapa hapa Moshi, mwajiri au mwalimu yupo. Mpasuaji wa kihambani, kwenye mashamba ya nyumbani, anayelipwa kwa mti hana mwajiri. Ana jirani mwenye mti.

## Nyuma ya risiti

Usiku ule nilikaa na kalamu na kitabu cha risiti. Nilitaka kujua kama wazo la Meku linawezekana, kwa sababu kusema kweli lilinivutia. Welding ninayo, breki shuu zimejaa kila kona ya mji, na fundi gani hapendi kusifiwa kwamba amebuni?

Mnyororo wa chenso kwenye mwendo kamili hukimbia karibu mita 20 kwa sekunde. Kiwango cha kimataifa cha breki hizi, ISO 6535, kinataka wastani wa muda wa kusimama usizidi sekunde 0.12. Ikiwa mwendo unapungua sawasawa hadi sifuri, katika muda huo mnyororo utasafiri mita 1.2. Mnyororo wa bamba la inchi 20 wenye viungo 72 vya kuendeshea vya kipimo cha 3/8 una urefu wa karibu mita 1.37. Maana yake breki nzima ya kiwandani inausimamisha kabla haujamaliza hata mzunguko mmoja.

Kisha nikaandika breki ya pikipiki. Tuseme inasimamisha kwa nusu sekunde, na hapo najipendelea. Mita tano. Zaidi ya mizunguko mitatu na nusu ya meno yakipita, wakati teke lenyewe limekwisha zamani.

Na hayo ni upande wa kubana tu. Upande wa kufyatua ni mgumu zaidi. Uzito wa gadi, mahali bawaba ilipo, ukali wa springi, vyote vimepimwa viendane. Gadi yangu ya kuchomelea ikiwa nyepesi mno, haitafyatuka siku inapotakiwa. Ikiwa nzito mno, itafyatuka kila mara, na mjukuu naye atatafuta tyubu ya baiskeli.

Nilikitazama kitabu cha risiti muda mrefu.

Kilichoniogopesha zaidi ni kwamba ingefanana na breki. Kijana angeiona, angeisukuma mbele, angesikia "taa!", na kuanzia siku hiyo angekata kama mtu mwenye breki. Angetumbukiza pua mahali ambapo babu yake, kwa kujua hana kitu cha kumwokoa, hajawahi kuipeleka.

Lakini kukataa nako si kunawa mikono. Nikisema hapana, Jumatatu mtoto yuko juu ya gogo na mashine ile ile.

## Kupandikiza

Kuna chenso za zamani zisizo na breki ambazo zinaweza kuwekewa, na hapa siongelei welding. Katika miaka ya mpito viwanda viliuza mashine moja kwa sura mbili, yenye breki na isiyo nayo. Kwa Stihl za wakati ule angalia herufi zilizofuata namba. AV ni kuzuia mtetemo, E ni moto wa elektroniki, Q ni QuickStop. 028 AVEQ ina breki. Pacha wake asiye na Q hana.

Kama pacha alikuwepo, swali la kwanza ni mwili. Je, kiwanda kilitumia umbo moja kwa wote wawili, kiasi kwamba vile vinundu vya kupokea pini na springi vipo, hata kama havijatobolewa? Ukikuta pale ni ukuta mtupu, simama hapo hapo. Swali la pili ni dramu: ya breki ina ukingo laini na mpana wa kupokea ukanda, na si kila dramu ya pacha asiye na breki inao. La tatu ni mshikio wa mbele, kwa sababu gadi inahitaji nafasi ya kwenda na kurudi bila kugusa bomba. Zile ambazo breki yote imo ndani ya kava ni rahisi zaidi: ukipata kava la ndugu yake na gadi inayolingana, kazi kubwa imekwisha.

Kuhusu makava mapya ya bei ya chini yaliyojaa madukani, sina ugomvi nayo. Baadhi yanafanya kazi vizuri, mengine ukanda wake unajikunja siku ya kwanza. Yapitie majaribio yale mawili kabla hujalipa, na muuza duka akikataa usijaribu, umeshapata jibu.

Jambo moja zaidi, na hili huwa nalisema kabla sijapokea pesa. Breki nyingi za mwanzo hufyatuliwa kwa mkono tu. Ile njia ya uzito wa gadi hazina. Ukipandikiziwa breki ya namna hiyo umepata kinga wakati wa kukata matawi na magogo yaliyolala. Wakati wa kuangusha mti, chenso ikiwa ubavu, uko karibu pale pale ulipokuwa.

## Alichonijibu Meku

Meku alirudi, nikamweleza yote, pamoja na mita tano. Akasikiliza hadi mwisho.

"Hizi breki zinawafanya vijana wabweteke," akasema.

Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyekuja kuomba breki. Akacheka hadi akakohoa. "Mjukuu ni mjukuu, fundi."

Ila alikuwa na hoja, na akaionyesha kwa vitendo. Akaishika ile mashine ikiwa imezimwa. Kidole gumba cha kushoto kimeuzunguka mshikio kwa chini, hakikulazwa juu pamoja na vingine. Mwili umekaa kushoto kidogo, ili bamba likiruka lipite pembeni ya bega. Akanionyesha na mnyororo: vile vinundu vidogo vilivyo mbele ya kila jino, ambavyo vijana wa mjini huvipiga tupa hadi viishe ili mashine "ile" haraka, kwake vilikuwa vimebaki kwa kipimo. Vikishushwa mno, jino linang'ata zaidi ya uwezo wake na teke linaongezeka. Breki humfikia mtu baada ya teke kuanza. Haya ya Meku yanakuja kabla.

Tukakubaliana hivi. Lile kubwa litapasua mbao tu, kwenye gogo lililolala, na kazi ya kuangusha na kukata matawi itafanywa kwa chenso ndogo yenye breki, ambayo mjukuu ataikodi hadi atakapoweza kununua. Na welding ambayo mzee aliitaka sana ikapata kazi: nilimtengenezea fremu ya kupasulia, inayolibana bamba karibu na injini na karibu na pua, na kuteleza juu ya gogo kwa unene wa ubao anaoutaka. Ikiwa ndani ya fremu, pua haina nafasi ya kukutana na kitu. Kibanio cha mbele nimekiweka nyuma ya ribiti za gia ya puani, maana ukiibana ile gia haitazunguka na bamba litaungua.

Mbao zimeanza kutoka nyoofu, jambo ambalo Meku ameliona muhimu kuliko mengine yote niliyomwambia.

## Sasa karakana inafanyaje

Kila chenso inayoingia kwangu, hata kama imeletwa kwa plagi tu, breki yake inasafishwa na kujaribiwa bila malipo. Kusafisha hakunigharimu chochote zaidi ya petroli kidogo na muda, na nimegundua kwamba breki nyingi "mbovu" zinapona hapo hapo. Zikihitaji kipuri, nalipisha kipuri na kazi. Kwenye risiti kuna mstari mmoja: breki inafanya kazi, au haifanyi. Wapo wanaochukia mstari huo wakaenda gereji nyingine. Hata hivyo ile bei niliyoitaja kwa kijana wa Uru nimeipunguza, kwa sababu nilikuwa nimeihesabu kwa muda wa kuvifuata vipuri Arusha na kurudi, kwa mashine moja. Sasa nasubiri zifike kadhaa ndipo niende.

Shida iliyobaki ni vipuri vya zile za zamani, hasa ukanda na goti. Kwa hiyo natafuta mashine zilizokufa. Mwenye 028, 038 au nyingine yoyote yenye Q mwishoni, imelala stoo Himo, Marangu, Usa River, popote, hata kama injini imekwama na tangi limepasuka, nanunua. Kava la klachi lenye breki yake nalichukua peke yake pia. Naomba tu lisiwe limepigwa nyundo.